Mdogo Wangu, Muokote Huyo Panya Kabla Nguruwe Hajamfikia

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka ukingoni mwa mji wa Isiolo, upande wa barabara ya kwenda Meru, pole sana. Barua yako niliisoma jioni, nikairudia alfajiri, kwa sababu kuna jambo moja uliloliandika kwa haraka kama lisilo na uzito, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Nitalifikia.

Kwa wasomaji wengine, kisa ni hiki. Dada huyu ana nguruwe majike wawili, na mmoja alikuwa amezaa vitoto kumi na kimoja. Wiki iliyopita aliwaacha usiku wakiwa wazima, wamenona, wananyonya vizuri. Asubuhi akakuta wanne wamekufa. Hawakuwa wameharisha wala kukohoa, na ngozi haikuwa na doa. Kesho yake akafa wa tano, tena akiwa anakimbilia chakula: alianguka, akatapatapa, akanyamaza. Mama yao hana shida yoyote. Sasa jirani amemwambia hiyo ni homa ya nguruwe ya Afrika na kwamba imeletwa na panya, maana panya wamejaa bandani. Broka naye amekwisha pita mara mbili, anataka kununua waliobaki kwa bei ya kutupa, "kabla hawajakuishia wote." Dada ameuliza maswali mawili: auze? Na aongeze sumu ya panya?

Kuuza, hapana. Usiuze hata mmoja mpaka daktari wa mifugo aje. Nitakueleza sababu, ila kwanza tuzungumze juu ya panya, kwa kuwa jirani yako amepatia nusu na kukosea nusu, na hiyo nusu aliyokosea inaweza kukugharimu.

Panya si mwenyeji wa homa ya nguruwe ya Afrika. Kirusi cha ugonjwa huo hakizaliani mwilini mwake. Anaweza kukanyaga damu ya nguruwe mgonjwa na kuihamisha kwa miguu, kama vile wewe unavyoweza kuihamisha kwa gambuti zako, lakini tukimlaumu yeye tutawaacha wenyewe hasa wakipita. Ugonjwa huu ni wa kwetu. Kenya ndiko ulikoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza duniani: daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, Montgomery, alichapisha habari zake mwaka 1921, baada ya kuona kwa miaka nguruwe wa walowezi wakifa kwa makundi huku ngiri wa porini wakibaki wazima. Ngiri ndiye anayeishi na kirusi hicho bila kuugua, na anayekihamisha kutoka ngiri mmoja hadi mwingine ndani ya mashimo yao ni papasi, yule kupe laini anayejificha kwenye nyufa mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Papasi anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula na bado kirusi kimo ndani yake. Nasi wa Isiolo tumepakana na Buffalo Springs na Shaba. Ngiri tunawaona wakivuka barabara, mikia imesimama.

Lakini hata ngiri si wa kulaumiwa peke yake. Nguruwe wetu wa kufugwa hupata ugonjwa huu zaidi kutoka kwa nguruwe wengine wa kufugwa na kutoka kwa mikono yetu sisi watu. Tunaazima dume la kupandishia. Tunanunua mnyama sokoni na kumchanganya na wa nyumbani siku hiyohiyo. Mchinjaji anaingia bandani na kisu chake. Tunawapa nguruwe makombo ya hoteli yenye mabaki ya nyama yao wenyewe. Mwaka 1957 kirusi hiki kilitoka Afrika kikaingia Ureno, karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon, kwa njia ya makombo ya chakula cha ndegeni waliyolishwa nguruwe. Mwaka 2007 kilifika Georgia, na 2018 kikaingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Nyama ndiyo iliyokisafirisha, na watu. Kwa hiyo, mdogo wangu, kama unachukua makombo pale mjini, yachemshe nusu saa nzima yakitokota, ukikoroga, au uache kabisa. Ushauri wangu ni uache.

Sasa tuje kwenye ile nusu ambayo jirani yako amepatia.

Kuna kirusi kingine, na hiki panya ni wake kabisa. Jina lake la kitabuni ni refu, ensefalomiokaditisi, kwa maana kwamba kinashambulia ubongo na msuli wa moyo. Ndugu yake wa karibu kabisa, ambaye wataalamu wanamhesabu kuwa aina ileile, amepewa jina la mahali pa Afrika Mashariki: Mengo, Uganda. Mwaka 1946, katika kituo cha utafiti wa homa ya manjano kule Entebbe, tumbili aliyefugwa alipooza miguu ya nyuma. Daktari George Dick na wenzake walichunguza, wakapata kirusi ambacho hakuna aliyekuwa amekieleza Afrika, wakakiita kirusi cha Mengo. Mwaka uliofuata kituo hichohicho kikapata kirusi cha Zika. Leo Zika inajulikana kote. Mengo wamebaki kuizungumzia watu wa maabara, ingawa kwa mfugaji wa nguruwe Mengo ina uzito zaidi.

Panya anabeba kirusi hiki bila kuonekana mgonjwa. Kinatoka kwenye mavi yake na mkojo wake, na kimo katika nyama yake akifa. Nguruwe akila pumba iliyochafuliwa, au akimtafuna panya mwenyewe, kinaingia tumboni, kinafika kwenye damu, kisha kinakimbilia moyoni. Kwa nguruwe mkubwa mara nyingi huoni kitu. Kwa jike mwenye mimba, unaweza kuona akitupa mimba, au akizaa vitoto vilivyokufa na vingine vimekauka kama ngozi ya zamani. Kwa kitoto kinachonyonya au kilichoachishwa juzi, moyo unachoka ghafla. Kinakufa kikicheza, au kikikimbilia chakula. Daktari akikipasua, moyo unaweza kuwa na mabaka meupe na kifua kimejaa maji.

Umeona kwa nini barua yako ilinishtua. Vitoto vilivyonona vinakufa ghafla na mama mzima: hiyo si sura ya kawaida ya homa ya nguruwe ya Afrika. Homa ile haichagui umri. Inaleta joto kali, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu au vya zambarau, nguruwe hali, anarundikana na wenzake, wengine wanatapika au kuharisha damu, na kwa siku chache wakubwa kwa wadogo wanakwisha. Lakini sitakudanganya kwamba nimeugundua ugonjwa wako kwa kusoma barua. Vifo vya ghafla vina njia nyingi, na njia moja nitaitaja hapa chini, ile iliyoninyima usingizi. Anayeweza kukata shauri ni daktari aliyepasua mzoga mbichi na kupeleka kipande cha moyo, cha wengu na damu kwenye maabara ya mifugo, Karatina au Kabete. Mzoga wa jana uliokaa juani hapa Isiolo haufai tena. Ndiyo maana nakuambia mpigie afisa wa mifugo wa wadi yako simu leo, usingoje afe wa sita.

Wapo watakaosema kirusi hiki ni hadithi za mbali. Ngoja niwaambie kilichotokea Afrika Kusini. Kati ya Desemba 1993 na Novemba 1994, katika Hifadhi ya Kruger, tembo 64 walikufa kwa kirusi hikihiki, wengi wao madume wakubwa. Mnyama asiyetishwa na simba aliangushwa na kirusi cha panya. Wakati huo panya wa mashambani, wale wenye matiti mengi, walikuwa wameongezeka kupita kiasi. Tembo alikula majani yaliyochafuliwa, moyo ukasimama. Na mashamba ya nguruwe ya Ubelgiji, Italia na Ugiriki, yenye sakafu za simiti na madaktari wao wa kila siku, yamepoteza vitoto kwa kirusi hiki, na wachunguzi walipofuatilia walikutana na panya.

Panya wa mashambani huyo tunaye Afrika Mashariki yote. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, kwa sababu anamaliza mahindi ya wakulima wa Tanzania. Jike anaweza kuzaa zaidi ya watoto kumi kwa mzao mmoja, na mimba yake ni ya wiki tatu na kitu. Mvua nzuri ikinyesha baada ya ukame, nyasi zikatoa mbegu, idadi yake inapanda kama moto wa makuti. Sisi wa Isiolo tumepitia ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, kuanzia mwisho wa 2020, kisha mwishoni mwa 2023 mafuriko. Kila aliyekuwa na gunia la nafaka ndani anakumbuka jinsi panya hufuata baada ya mvua.

Na sisi, kati ya watu wote, hatuhitaji kuelezwa kwamba kirusi cha mifugo kinaua. Mwishoni mwa 2020 wachungaji wa upande wa Sericho walianza kufa kwa homa na kutokwa damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Hadi mapema Februari 2021, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 32 na vifo 11 katika kaunti za Isiolo, Mandera, Garissa na Murang'a, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa wa kwetu Isiolo. Ile ililetwa na mbu, si panya, na iliwapata kondoo, mbuzi, ngamia na ng'ombe. Nimeitaja kwa sababu njia ya kuingia kwa mtu ilikuwa ileile ninayoiogopa kwako: mnyama anaugua, mwenyewe anaona hasara, anamchinja haraka ili apate chochote, na mikono yake inaingia kwenye damu.

Sasa lile jambo. Uliandika, katikati ya sentensi nyingine, kwamba ulinunua sumu ya unga kwa mchuuzi, ile isiyo na karatasi ya maelezo, ukaichanganya na ugali na omena, ukaweka vipande vipande kando ya ukuta wa banda. Ukaongeza kwamba "imefanya kazi, panya wanaonekana wamekufa humo ndani."

Mdogo wangu, panya aliyekufa ndani ya banda la nguruwe ni hatari kuliko aliye hai.

Panya aliye hai anamkimbia nguruwe. Aliyekufa, au anayejikokota kwa sumu, analiwa. Nguruwe hachagui, na kitoto kinachoanza kunusanusa chakula kinafuata pua. Kwa hiyo pale ulipodhani unamwondoa adui, uliwapelekea nguruwe kirusi mdomoni pamoja na sumu yenyewe. Na hiyo ndiyo njia nyingine ya vifo vya ghafla niliyosema nitaitaja: huenda vitoto vyako havikufa kwa kirusi chochote, vimekufa kwa unga wa mchuuzi. Nakuomba umwambie daktari ukweli huu bila aibu. Usimfiche ukidhani atakulaumu. Akijua kuna sumu, atajua cha kutafuta. Asipojua, atapeleka vipande visivyofaa maabara, na wewe utabaki unabahatisha.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu nimeyaona. Nyumbani kwetu, nikiwa msichana, mtu wa boma letu aliweka dawa ya panya kwenye stoo ya chakula cha kuku. Tulipoteza kuku, mbwa, na paka wawili kwa wiki moja, na panya wakarudi kabla ya mwezi kuisha. Na watoto wadogo walikuwa wakicheza humohumo. Kila nikikumbuka hilo la watoto, mwili unanisisimka mpaka leo.

Basi tufanye hivi. Leo, kabla ya jua kuzama, okota vipande vyote vya ugali ulivyotega. Hesabu ulivyoweka, hesabu ulivyookota. Pekua chini ya mbao, nyuma ya hori, kwenye matandiko, utoe kila panya aliyekufa. Usimshike kwa mkono mtupu: vaa mfuko wa plastiki mkononi, mshike, ugeuze mfuko umfunike, ufunge. Chimba shimo refu, zika, fukia. Mahali alipokuwa mwagia dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, uache kidogo kabla ya kusugua. Na mavi ya panya usiyafagie yakiwa makavu, yakapaa vumbi ukavuta, yaloweshe kwanza.

Vaa gambuti, na kama una mchubuko mkononi ufunge. Mkojo wa panya hauna kirusi cha nguruwe tu. Julai 2022, kule Ruangwa mkoani Lindi, Tanzania, watu waliugua homa isiyojulikana, wengine wakitokwa damu puani. Wagonjwa 20 walihesabiwa, watatu wakafa. Ilikuja kuthibitishwa kuwa homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaopita kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, unaoingia kwa mtu kupitia maji, tope na ngozi iliyochubuka. Banda lenye tope na panya ni mahali pake hasa.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze juu ya kumzuia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanatafuta dawa kali badala ya kutazama gunia. Panya hakuja kwako kwa ajili ya nguruwe. Amekuja kwa ajili ya pumba, na pumba umemwachia wewe. Barua yako inasema magunia yamelazwa chini, yameegemea ukuta wa banda, na jioni unawamwagia chakula kingi "ili wasilale njaa." Nguruwe wanakula wanachoweza, usiku kinachobaki ni cha panya, asubuhi nguruwe wanamalizia kile ambacho panya amekikojolea. Hiyo ndiyo barabara ya kirusi, na inafunguliwa kila jioni kwa mkono wako.

Hamisha chakula kwenye pipa lenye mfuniko unaobana. Pipa kuukuu la plastiki linatosha, na la bati ni bora zaidi kwa sababu halitafuniki. Kama bado huna, inua magunia juu ya mbao, urefu wa goti kutoka chini, na yaache mbali na ukuta kiasi cha wewe kupita na kuona nyuma. Panya anapenda mahali asipoonekana. Wape nguruwe kiasi wanachomaliza, na jioni safisha hori. Kwa vitoto, weka chakula kidogo kidogo mara nyingi, usiache sahani imejaa usiku kucha.

Kisha tazama matundu. Tundu la kupitisha kalamu linamtosha kipanya mdogo, na la kupitisha kidole gumba linamtosha panya mkubwa. Ziba kwa simiti iliyochanganywa na vipande vya chupa au nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwa sababu matope matupu atayachimba kesho yake. Ukiziba nyufa hizo unamziba na papasi vilevile, kwa hiyo kazi moja inakulinda na magonjwa mawili. Fyeka majani kuzunguka banda hatua mbili tatu, ondoa mabati na matairi yaliyorundikwa. Panya akikosa mahali pa kujificha anaogopa kuvuka.

Kwa kumuua, tumia mtego wa chuma wenye karanga au omena, uuweke kando ya ukuta anapopita, ndani ya boksi au nyuma ya ubao ili nguruwe na kuku wasifikie. Ukague kila asubuhi kabla hujafungua nguruwe. Mtego una faida ambayo sumu haina: unajua panya wako wako wapi. Wapo wanaoweka ndoo yenye maji na chupa inayozunguka juu yake, nayo inanasa wengi kwa usiku mmoja, mradi iwe nje ya banda na mtoto asiifikie. Ukilazimika kutumia sumu, nunua kwenye duka la dawa za mifugo au za kilimo, iwe na karatasi inayoonyesha imesajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa hizi, PCPB, na iwekwe ndani ya kiboksi kilichofungwa nje ya banda. Hata hivyo, nyingi za hizo huua baada ya siku kadhaa, na panya atakwenda kufia anapotaka. Kwa hiyo kazi ya kuokota mizoga iko palepale.

Paka ni msaada, lakini usimwachie alale kwenye chakula cha nguruwe, na kama una mimba usishike kinyesi chake. Na bundi, nawaomba, msimpige mawe. Najua tumelelewa tukiambiwa akilia juu ya paa kuna msiba. Mimi nami niliambiwa. Lakini bundi anayekaa kwenye mti wa jirani anakula panya usiku wote na hadai mshahara, na panya aliyekula sumu ndiye anayemuua.

Kuna jambo jingine katika barua yako, uliloliandika mwishoni. Unasema mama wa jirani, ambaye ni Mwislamu, amekasirika, anasema panya wanatoka bandani kwako na kuingia jikoni kwake, nawe umeona kama anakuchukia kwa sababu ya nguruwe. Sikiliza, mdogo wangu. Mimi naishi na watu wa Isiolo, Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, Wasamburu, na ninajua nguruwe ni jambo zito kwa wengi wao. Huenda kweli haimfurahishi kuona nguruwe karibu na ua wake. Lakini katika hili la panya ana haki. Panya wanaokula pumba yako wanakwenda kulala kwenye nafaka yake. Nenda kwake, si kwa kujitetea. Mwambie unaondoa magunia chini, unaziba matundu, na umwombe mtege siku ileile. Watafiti wa panya wanajua jambo hili vizuri: ukitega peke yako, panya wa jirani wanajaza nafasi kwa siku chache, mkitega nyumba kumi kwa pamoja, ndipo mnapumua. Na hakikisha uchafu wa banda lako hauteremki kwenye laga. Mvua ikinyesha, laga ile inapita nyuma ya nyumba za watu na mbuzi wao wanakunywa humo.

Sasa turudi kwa broka. Najua unahitaji pesa. Karo haingoji, na nguruwe aliyekufa hana bei. Lakini fikiria anakwenda kufanya nini na nguruwe wako. Atawapakia kwenye pikapu pamoja na wa watu wengine, atashusha wengine Timau, wengine Meru, na nyama nyingine itaishia mahali ambapo mabaki yatageuka makombo ya kulisha nguruwe wa mama mwingine kama wewe. Ikiwa ni homa ya nguruwe ya Afrika, umeisambaza hadi kaunti nyingine kwa siku moja. Kirusi kile kinadumu kwenye nyama, hata iliyotiwa chumvi au kugandishwa, kwa miezi. Ikiwa ni kirusi cha Mengo, nacho kimo kwenye nyama ile. Ikiwa ni sumu, kuna mtu atakayeila. Na sheria ya magonjwa ya wanyama ya Kenya inataka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa kama homa ya nguruwe atoe taarifa. Ukiripoti mapema utaambiwa uzuie wanyama wasitoke, ndiyo, na hiyo inauma. Lakini ukiwa umejificha na ikagundulika ilianzia kwako, majirani hawatasahau.

Kuhusu dawa, nisikudanganye: hakuna sindano ya kutibu homa ya nguruwe ya Afrika wala kirusi cha Mengo. Mtu akija na chupa akakuambia ana tiba, mwache aende zake. Kwa vitoto vilivyobaki, daktari atakuambia zaidi, lakini usivikimbize, usivibebe huku na huku, usivichanganye na wengine, uviache vitulie kwenye kivuli. Moyo ulioguswa na kirusi cha Mengo unaweza kusimama kwa mshtuko mdogo tu. Mizoga usiitupe kwenye laga wala kwa mbwa. Daktari akishachukua vipande, zika kwenda chini sana, mwagia chokaa, fukia, weka mawe juu fisi wasifukue.

Wewe uliye na mbuzi, kuku, au gunia moja tu la mahindi nyumbani, usidhani haya hayakuhusu. Leo usiku, nenda na tochi uangalie nyuma ya gunia lako.

Na wewe mdogo wangu, fanya mambo mawili kabla hujalala: okota ugali wenye sumu na panya waliokufa, halafu umpigie afisa wa mifugo umweleze yote, sumu ikiwemo. Broka akirudi kesho asubuhi, mwambie unamsubiri daktari, na usifungue lango.